Tazama Anavyoketi

Nilistaafu mwezi uliopita, na wenzangu vijana wa idara ya tiba ya viungo wameniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu pale. Nadhani walitarajia mawaidha. Mawaidha niliyaacha kabatini pamoja na koti jeupe. Haya ni mambo niliyoyaona kwa macho yangu. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuinuka kwa sababu ya cheo changu.

Siku ya kwanza nilifika mapema mno, nikamkuta bawabu bado anamwagilia maua. Hospitali yetu ilikuwa katikati ya jiji la Nairobi, jengo kuukuu la ghorofa tatu lililobanwa kati ya maduka ya simu. Chumba cha mazoezi kilikuwa chini, upande wa nyuma, chini ya mabati yaliyoongezwa baadaye na fundi aliyekuwa na haraka. Asubuhi kilikuwa na baridi ya kutafutia sweta. Mchana kilikuwa tanuri. Hilo la joto mlikumbuke.

Aliyenipokea ni Madam Mueni, mkuu wa chumba kile, mama mfupi mwenye raba nyeupe alizozisugua kwa dawa ya meno. Hakuniuliza nilisoma wapi. Alinionyesha zile reli mbili za chuma ambazo mgonjwa hutembea katikati yake akizishika. Alinionyesha mshipi mpana wa turubai tunaomfunga mgonjwa kiunoni ili tumdake akiyumba, na tangi la maji ya moto lenye pakiti za udongo tulizowawekea watu migongoni. Mwisho alinionyesha kiti cha mbao kisicho na mikono, kilichowekwa reli zinapoishia.

"Hiki ndicho chombo cha maana hapa," akasema.

"Hiki kiti?"

"Njeri, miguu inadanganya. Mtu anakaza meno, anatembea, anafika. Wewe ngoja afike hapa, halafu tazama anavyoketi. Akiketi polepole, hatua zilikuwa zake. Akianguka kama gunia, zote alikuwa amekopa."

Nilidhani ni maneno tu ya mzee wa kazi. Nilikuwa na diploma mpya na nilipenda zaidi mashine yenye taa.

Palikuwa na desturi moja chumbani mle ambayo hakuna aliyejua ilianzishwa na nani. Mgonjwa akimaliza reli bila kuzishika, kila mtu aliacha alichokuwa akifanya akapiga makofi. Wagonjwa wengine walipiga, wahudumu walipiga, mfagiaji aliegemeza ufagio akapiga. Akina mama waliongeza vigelegele. Wageni waliokuja kutembelea hospitali walitolewa ofisini makusudi waje waone, na wengine walipangusa machozi. Madam Mueni peke yake hakupiga. Alitia mikono mfukoni, macho yake yakiwa kwenye kile kiti. Wakati wa chai tulisema mama huyu ana roho ngumu.

Ugonjwa ninaotaka kuusimulia nilikutana nao mara ya kwanza wakati wake. Una jina refu la kigeni. Madaktari hulifupisha kuwa MS, nasi tuliuita hivyo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na adui, hugeuka ikaanza kula ngozi ya neva za ubongo na uti wa mgongo. Fikirieni waya wa stima uliochubuka. Taa huwaka leo, kesho ikapepesa, keshokutwa ikazima, kisha ikawaka tena bila kueleza ilikuwa wapi. Hapa kwetu wengi walifika wakiwa wameshatibiwa malaria, homa ya matumbo na jicho la jirani.

Mgonjwa huyo wa kwanza alikuwa mwalimu kijana. Mwanagenzi mmoja alimlaza, akamwekea pakiti za moto mgongoni kama tulivyowawekea wote, na alipomwinua miguu ilikuwa imelegea kama kamba. Mwalimu alipiga yowe kwamba tumempooza. Madam Mueni hakupandisha sauti. Aliloweka taulo kwenye maji baridi, akalizungusha shingoni mwa yule mwalimu, akafungua madirisha, akakaa naye wakizungumza habari za mitihani. Baada ya muda miguu ilirudi. Waya uliochubuka hauvumilii joto: hilo ndilo somo. Tangu siku hiyo wagonjwa wa MS tuliwapanga asubuhi, kabla mabati hayajashika moto, na ndoo ya maji baridi ikawekwa karibu. Vijana, endeleeni hivyo. Ni utaratibu mzuri. Ubaya wake ni kwamba tulizoea kuwaona asubuhi tu, wakiwa katika ubora wao, nasi tukaamini kwamba ndivyo walivyo siku nzima.

Madam Mueni alistaafu, akaenda zake Machakos. Kiti kilibaki. Makofi pia.

Lilian aliletwa kwetu na daktari wa neva baada ya mguu wake wa kulia kuanza kuburuta. Alikuwa mwanamke anayekaribia umri wa makamo, mzaliwa wa Kakamega, anayeishi Uthiru na mama yake. Alipokea wageni katika kampuni moja kule Westlands, kwenye lile dawati la marumaru ambalo mtu hulikuta akitoka kwenye lifti. Alikuwa na ulimi mwepesi. Siku ya kwanza nilimfunga mshipi kiunoni akaniambia, "Daktari, mara ya mwisho mtu kunishika hapa, alikuwa ameshalipa mahari."

Nilimwambia mimi si daktari. Akasema, "Hiyo koti ni nyeupe ama si nyeupe?" Basi nikawa daktari.

Shida yake kazini ilikuwa sheria moja: mpokeaji wageni husimama kila mgeni anapoingia, na huendelea kusimama hadi mgeni aelekezwe. Lilian aliomba mambo mawili tu, ahudumie akiwa ameketi, na afanye zamu ya asubuhi peke yake. Wenzake walikuwa wamemchoka. Siku moja alikuja na fimbo, siku nyingine bila fimbo. "Jumatatu wewe ni mlemavu, Jumatano wewe ni modo wa mitindo," mmoja alimwambia mbele ya wageni. "Umeombewa wapi na sisi twende?" Wote wakacheka. Akaniambia alicheka pia, kwa sababu ukikosa kucheka wanasema una madharau.

Kampuni iliamua apimwe na jopo la watu watatu, akiwamo daktari waliyemchagua wenyewe. Jopo likikubali, angepata kiti na zamu ya asubuhi. Likikataa, angesimama siku nzima kama wengine au aondoke. Niliandika ripoti nikaeleza kwamba mgonjwa huyu atazamwe mchana, kwa kuwa asubuhi hawataona ugonjwa. Walimpangia saa tatu asubuhi. Nilipiga simu kuomba ibadilishwe. Karani alikuwa na adabu sana.

"Madam, mchana haitawezekana. Daktari hucheza gofu."

Siku ya mwisho kabla ya jopo, Lilian alikuja mazoezini akiwa na nywele mpya, misuko membamba aliyosukwa Kenyatta Market, inayofika mgongoni. Alitembea reli yote bila kushika. Chumba kililipuka. Mzee mmoja mwenye magongo alipaza sauti, "Kesho wapige hiyo hiyo, msichana! Usiwabakishie!" Lilian aliinama kama mwanamuziki. Kisha akafika kwenye kiti, akaanguka kama gunia.

Nilichuchumaa mbele yake. "Kesho hayo ya kwenye reli usiwaonyeshe. Waonyeshe haya ya hapa."

Alikuwa anahema. "Daktari, nikienda nikiwa mgonjwa, wataniambia sifai kazi. Nikienda nikiwa mzima, wataniambia mimi ni mwongo. Sasa niende nikiwa nani?"

Jibu la swali hilo nimelitafuta hadi leo, na wakubwa wanaoandika sera za watu wenye ulemavu nawaomba walitafute pia, wakipata nafasi kati ya kongamano na kongamano.

Jopo lilisema ni mzima. Alirudishwa kusimama. Hazikupita wiki nyingi, alasiri moja ya jua kali, kiyoyozi cha ukumbini kikiwa kimeharibika, miguu ilimwishia mbele ya wageni. Alikaa sakafuni, mgongo ukiegemea marumaru, kwa kuwa hakuna aliyejua kama inafaa kumwinua. Mwenzake mmoja alisema, "Haya, sinema imeanza." Baada ya hapo akakosa siku kadhaa, na kampuni ikamwachisha kwa utoro. Hilo neno ndilo lililotumika. Mtu asiyeweza kutembea alifukuzwa kwa kutoroka.

Akaacha kuja mazoezini. Nilipiga simu, mama yake akapokea, akasema anaendelea vizuri. Nilipiga tena, akasema Mungu ni mwema. Waandishi wa habari wanajua, nasi tunapaswa kujua: mtu akikupa jibu lile lile mara mbili, nenda mwenyewe.

Nilikwenda Uthiru Jumamosi. Nyumba ilikuwa chini, kwenye ploti ya kupanga, si mbali na Waiyaki Way, magari yakisikika kama mvua isiyokoma. Mama yake alinikaribisha vizuri sana, kwa ile heshima ya kumzuia mgeni asisogee. Nilipewa chai, nikapewa mkate. Pembeni palikuwa na pazia, na chini ya pazia niliona gurudumu.

"Mama, kile kiti cha magurudumu mbona kimefichwa?"

"Kilitolewa na kanisa. Lakini majirani wakikiona watasema tumekata tamaa, daktari. Tunaomba. Anatembea mpaka choo akishika ukuta, siku zingine."

Nilimwomba nimwone Lilian. Alikuwa kitandani, uso umeelekea ukutani, saa tano mchana wa siku nzuri. Ile misuko ilikuwa bado kichwani, imechakaa, nywele zake mwenyewe zimeota chini yake kidole kizima. Mwanamke wa Nairobi anayeacha kichwa chake kifike hapo anakuambia jambo, hata kama hajafungua mdomo.

"Sasa, Lilian."

"Poa, daktari." Hakugeuka. "Umekuja kuniona nikitembea?"

"Nimekuja kukuona."

"Kwa sababu siwezi. Hiyo kitu imeisha. Unajua kule kwa jopo waliniambia nitembee mpaka mlangoni nirudi. Nikasikia makofi yenu kwa kichwa. Yote, hadi ya yule mzee. Nikatembea vizuri, daktari, hujawahi kuona. Huyo daktari wao akaniambia, 'Wewe uko sawa kabisa.' Na unajua mimi nilisema nini?"

"Ulisema nini?"

"Nilisema asante. Aki ya Mungu nikasema asante."

Sasa kwa ninyi vijana. Shuleni tulifundishwa kupima nguvu ya paja na mkunjo wa goti. Hatukufundishwa kuuliza swali nililouliza pale, na sijui kama ninyi mmefundishwa. Niliketi ukingoni mwa kitanda nikauliza moja kwa moja, "Lilian, unafikiria kufa?"

Jikoni mfuniko wa sufuria ulianguka. Magari yakaendelea kupita.

Akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake siku hiyo. "Sitaki kufa," akasema. "Nataka tu nisiamke. Si hiyo ni tofauti?"

"Ni tofauti. Lakini zote mbili zina mtu wa kuzisikiliza, na leo nitampigia simu nikiwa hapa hapa."

Wengi huogopa kwamba ukiuliza utampa mtu wazo. Humpi. Wazo liko tayari. Unalifungulia mlango tu ili lisikae naye peke yake. Ukishauliza, usimwache mpaka ujue nani atakuwa naye na nani atamwona.

Mama yake alisimama mlangoni, amelowa mikono. "Daktari, unataka kumpeleka tatu?"

Mshauri wa kisaikolojia wa hospitali yetu alikuwa ghorofa ya tatu, na wagonjwa walikuwa wamefanya namba hiyo kuwa tusi. Kuambiwa "umepelekwa tatu" ilikuwa sawa na kuambiwa umeshikwa na wazimu.

"Mama," nikamwambia, "huu ugonjwa ulianzia kichwani. Miguu haina kosa. Huzuni yake nyingine ni ya kazi na ya maneno ya watu, lakini nyingine ni ugonjwa wenyewe unaomla. Ungemkataza dawa ya mguu?"

Alirudi jikoni. Lakini kabla sijaondoka aliburuta godoro lake mwenyewe hadi chumbani mwa binti yake, akalitandika sakafuni karibu na kitanda bila kuniangalia. Nilielewa kwamba hilo ndilo jibu.

Mshauri wetu, Bwana Otieno, alikubali kumwona siku ya kwanza ya juma. Nami nilikuwa nimesahau lifti. Lifti ya hospitali ilikuwa imebandikwa karatasi ya kusema inatengenezwa, na karatasi yenyewe ilikuwa imegeuka manjano. Watu waliovunjika miguuni walihudumiwa chini, na waliovunjika moyo walihudumiwa juu. Mtu aliyevunjika kote kuwili hakuwa amefikiriwa. Nilikwenda utawala. Wakanishauri vijana wawili wambebe.

Lilian alikuwa kwenye kiti cha magurudumu chini ya ngazi, mama yake ameshika vishikio na kitambaa amekivuta hadi machoni. Nilipomweleza, Lilian alizitazama zile ngazi.

"Nibebwe kama gunia la viazi waru," akasema, "nikaambiwe huko juu kwamba mimi ni mtu wa maana? Mama, turudi nyumbani."

Nilipanda ngazi mwenyewe, nikamweleza Otieno. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alichukua kalamu yake na boksi la tishu, akashuka. Chini hapakuwa na chumba cha siri isipokuwa stoo ya magongo, kwa hiyo tuliondoa magongo kadhaa, tukaingiza kiti cha Lilian, na Otieno akakaa juu ya kreti. Walifunga mlango. Niliendelea na mgonjwa wa bega, nikamkunja vibaya, akanikumbusha kwamba mkono ni wake.

Otieno alipotoka nilimuuliza, "Je, alilia?"

"Hiyo siwezi kukuambia."

"Vizuri," nikasema, na nilimaanisha.

Wakawa wanakutana stoo kila juma. Daktari akamwongezea dawa ya huzuni. Haikuwa miujiza. Kuna wiki alikuja, kuna wiki simu ilizimwa na mimi nikakosa raha hadi ilipowashwa. Asubuhi moja alikuja mazoezini kwenye kiti cha magurudumu, akikisukuma mwenyewe, misuko mipya kichwani. Alikuwa ameamua kwamba nguvu alizokuwa akimalizia ukutani atazitumia kwa mambo mengine. Kwa maoni yangu ndiyo siku aliyokuwa mzima kuliko zote. Chumba kilinyamaza kama kwamba tanzia imesomwa. Yule mzee wa magongo alisema, "Pole, msichana." Mfagiaji akainamisha kichwa. Hatua za mkopo tulizishangilia. Mtu mwenye akili zake tulimpa rambirambi.

Nilimwomba mkuu wa idara akomeshe makofi. Alisema wafadhili wanayapenda, na kwamba yanawapa wagonjwa moyo. Nilimuuliza moyo wa nani. Akaangalia saa yake. Makofi yanaendelea, lifti bado haijatengenezwa ila imebandikwa karatasi mpya, nyeupe. Ile kampuni ya Westlands niliona imeweka bango la kusherehekea watu wenye ulemavu, na kwenye picha kuna msichana mrembo kwenye kiti cha magurudumu. Hajaajiriwa pale. Lilian alithibitisha, alisema kwenye picha breki za kile kiti zimewekwa nyuma mbele, na mtu anayekitumia kweli asingekikalia hivyo.

Siku ya kuniaga mlinunua keki, nashukuru. Hotuba zilikuwa ndefu kuliko utumishi wenyewe. Lilian alikuja pia. Siku hizi anauza nywele za kusukia Kenyatta Market, kwenye saluni ya rafiki yake, asubuhi tu, kisha anafunga kabla jua halijawa kali. Alijiegesha mwisho wa reli, karibu na kile kiti cha mbao.

Mkapiga kelele, "Madam, tembea reli! Madam, reli!" Nikatembea, kwa kuwa keki ilikuwa imelipiwa. Nilicheka, nikapunga mkono, na mkanipigia makofi yale yale, na vigelegele. Nilifika mwisho, nikaketi.

Makofi yalipopungua niligundua kwamba Lilian hakuwa amepiga. Mikono yake ilikuwa mapajani. Alikuwa ananitazama namna Madam Mueni alivyokuwa akitazama.

"Daktari," akasema polepole, wengine wasisikie, "umeanguka kama gunia."

Nilijaribu mzaha. Nikamwambia ni magoti ya uzee.

"Wacha hiyo. Kesho ukiamka, unaenda wapi?"

Nilitazama chumba, ndoo ya maji baridi, ninyi mkigombea vipande vya keki. "Sijui, Lilian."

Aliachia breki za kiti chake, akasogea hadi magoti yetu yakagusana.

"Kuja soko," akasema. "Lakini uje mapema. Mchana kuna joto."